Mgongo wa Mkulima: Somo Juu ya Maumivu ya Misuli na Viungo, na Tiba Zake

MADHUMUNI YA SOMO

Somo hili limetayarishwa kwa ajili ya vikundi vya kujisomea katika vyama vya msingi. Baada ya kulisoma na kulijadili, mwanachama atazamiwa kuweza:

(a) kueleza jinsi mgongo ulivyoumbwa na kwa nini huuma;
(b) kutambua dalili zinazomtaka mgonjwa aende hospitali bila kukawia;
(c) kupima ahadi za watoa tiba kabla ya kulipa fedha zake;
(d) kupendekeza hatua ambazo chama chaweza kuzichukua katika ghala na katika kituo cha kununulia mazao.

Katibu ashauriwa kulisoma kwa sauti, sehemu moja moja, na kuacha nafasi ya maswali kila sehemu inapokwisha. Lafaa kugawanywa katika mikutano miwili.

1. KWA NINI CHAMA KIJIFUNZE HABARI ZA MGONGO

Mali ya chama cha msingi huandikwa katika vitabu: ghala, mizani, magunia, mashine na fedha zilizo benki. Lakini iko mali moja isiyoonekana katika mizania ya mwaka, nayo ni nguvu ya wanachama wenyewe. Jembe likivunjika hununuliwa jingine, na mpini ukilegea hukazwa. Mgongo wa mkulima ukiharibika hauuzwi dukani, wala msimu haumngojei apone.

Jambo hili si dogo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno katika mwaka 2020, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu 13. Idadi hiyo ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 60 tangu mwaka 1990. Hakuna maradhi mengine duniani yanayowafanya watu wengi zaidi waishi wakiwa hawajiwezi kikamilifu.

Hasara inayompata mwanachama ni ya namna tatu. Kwanza, hupoteza siku za kazi, mara nyingi katika wakati wa palizi au wa mavuno. Pili, hupoteza fedha kwa kuzunguka kutoka kwa mtoa tiba mmoja hadi mwingine, na wapo waliouza mifugo kwa ajili ya dawa zisizowasaidia. Tatu, na hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote, ugonjwa wa hatari hudhaniwa kuwa uchovu wa kawaida mpaka miguu inapooza. Somo hili lakusudia kuzipunguza hasara zote tatu.

2. MGONGO ULIVYOUMBWA

Uti wa mgongo umejengwa kwa mifupa midogo iitwayo pingili. Pingili hizo kwa kawaida ni 33: saba za shingo, 12 za kifua, tano za kiuno, tano zilizoungana nyuma ya nyonga, na nne ndogo za mwisho, ambazo nazo huungana. Zinazoweza kusogea ni 24 za juu. Kati ya pingili na pingili iko diski, nayo ni kama mto mdogo mgumu wenye ute ndani yake, unaopunguza mshtuko. Katikati ya pingili hupita uti wa neva, na kutoka humo hutokea neva ziendazo mikononi na miguuni. Yote haya yamefungwa kwa kano na kushikiliwa na misuli.

Watu wengi hudhani kwamba mgongo ni kitu dhaifu kinachoweza kuhama mahali pake wakati wowote. Sivyo. Mgongo ni imara sana, nao hupata nguvu kwa kutumiwa. Hata hivyo, una mpaka wake, na karani yeyote wa mizani aweza kuuelewa mpaka huo.

Mtu anapoinua mzigo, kiuno chake huwa kama egemeo la mizani. Upande wa mbele uko mzigo. Upande wa nyuma iko misuli ya mgongo, ambayo huvuta kutoka umbali wa sentimita 5 hivi tu nyuma ya kitovu cha pingili. Ichukuliwe kwamba mtu ameshika ndoo ya maji ya kilo 20, na ndoo hiyo iko sentimita 50 mbele ya uti wake. Mkono mrefu wa mizani ni mara kumi ya mkono mfupi. Kwa hiyo misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu ya kilo 200 ili kuisawazisha ndoo ya kilo 20, bila kuhesabu uzito wa kifua na mikono yake mwenyewe. Ndoo hiyo ikisogezwa karibu na mwili hata ikawa umbali wa sentimita 25, nguvu inayotakiwa hupungua kuwa kilo 100. Uzito wa ndoo ni ule ule, lakini mzigo wa mgongo umepungua nusu. Hesabu hii ndiyo asili ya mashauri yote juu ya kubeba: mzigo na ukae karibu na mwili.

3. MAUMIVU YANAPOANZA

Kati ya wagonjwa kumi wa maumivu ya kiuno, karibu tisa hawapatikani na kasoro moja dhahiri iliyoyaleta. Misuli, kano, viungo vidogo vya pingili na diski vyote vyaweza kuuma, na uchovu, usingizi haba na wasiwasi huyazidisha maumivu hayo. Habari njema ni kwamba walio wengi hupata nafuu kubwa katika muda wa majuma machache, tiba yoyote wanayopata. Jambo hili lafaa likumbukwe daima, kwa sababu mganga aliyefikiwa katika juma la tatu husifiwa kwa kazi ambayo mwili wenyewe ulikuwa tayari umekaribia kuimaliza.

Zamani madaktari waliwaamuru wagonjwa walale kitandani juma moja au zaidi. Amri hiyo imebatilishwa na uchunguzi. Katika mwaka 1986 ilichapishwa taarifa kutoka Texas, Marekani, iliyoonyesha kwamba waliolala siku mbili hawakuwa na hali mbaya kuliko walioagizwa kulala siku saba, nao walirudi kazini mapema. Mwaka 1995 uchunguzi uliofanywa miongoni mwa watumishi wa mji wa Helsinki, Finland, ulionyesha kwamba walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona vizuri kuliko waliolazwa. Kwa hiyo mgonjwa wa kiuno asiye na dalili za hatari asijifungie ndani. Apunguze mizigo mizito kwa muda, lakini atembee, afanye kazi nyepesi, na aongeze kidogo kidogo.

Wagonjwa wengi huamini pia kwamba hawajatibiwa mpaka wapigwe picha. Picha ina mahali pake, lakini yaweza kupotosha. Mwaka 1994 wachunguzi wa Marekani walichapisha habari za watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Walipopigwa picha kwa mashine ya sumaku, ni asilimia 36 tu walioonekana kuwa na diski zisizo na kasoro yoyote. Waliobaki walikuwa na kasoro wasizozijua wala kuziona. Kwa hiyo diski iliyotokeza katika picha si lazima iwe ndiyo chanzo cha maumivu, na mtu asiingiwe na hofu kwa neno lililoandikwa katika karatasi.

4. DALILI ZA HATARI

Mficha maradhi kilio humfichua. Mgonjwa mwenye dalili mojawapo kati ya hizi asikandwe, asinyooshwe, wala asitumie muda wake kwa mazoezi. Aende kwanza kituo cha afya au hospitali:

(a) Kushindwa kukojoa, au mkojo na choo kutoka bila kujizuia, au ganzi katika sehemu za siri na makalioni. Hili ni jambo la dharura, na mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile.
(b) Mguu au miguu yote miwili kuishiwa nguvu, au kuzidi kuwa mizito siku hata siku.
(c) Homa, jasho la usiku, kukonda bila sababu, au kikohozi cha muda mrefu pamoja na maumivu ya mgongo.
(d) Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka mtini, kugongwa na gari au kuangukiwa na mzigo. Kwa mzee, hata kuanguka kidogo kwaweza kuvunja pingili.
(e) Maumivu yasiyopungua hata mgonjwa akilala, yanayozidi usiku, hasa kwa mtu aliyewahi kuugua saratani.
(f) Kiungo kimoja kuvimba ghafla, kuwa chekundu na cha moto, pamoja na homa.

Dalili ya tatu yataka maelezo zaidi. Kifua kikuu hakikai katika mapafu peke yake. Chaweza kuingia katika pingili na kuzila polepole. Mgonjwa huumwa mgongo kwa miezi, hukonda, na mwishowe hutokeza kibiongo, na miguu yaweza kupooza. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na hadi leo huitwa kwa jina lake. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa za kifua kikuu zinywewazo kwa miezi mingi, na ukigunduliwa mapema mgonjwa huendelea kutembea kwa miguu yake. Kuusukuma au kuukanda kwa nguvu mgongo wa namna hiyo ni kumhatarisha mgonjwa.

Wafugaji nao wana la kuzingatia. Ugonjwa wa brusela, unaopatikana kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika mimba za mifugo zilizoharibika, huleta homa za kupanda na kushuka pamoja na maumivu makali ya kiuno na viungo. Mfugaji mwenye dalili hizo amweleze mganga wa zahanati kwamba anafuga, ili apimwe ipasavyo.

5. TIBA YA KIROPRAKTIKI: ASILI YAKE NA KAZI YAKE

Kiropraktiki ni tiba ya mikono ihusuyo hasa uti wa mgongo. Mtabibu huipapasa pingili, kisha huisukuma kwa mkono, mara nyingi kwa msukumo mmoja wa haraka na mfupi. Tiba hii ilianzishwa na Daniel David Palmer, mzaliwa wa Kanada, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Mwaka 1895 alimsukuma pingili mtu mmoja mfagizi, Harvey Lillard, aliyekuwa na uziwi, na akadai kwamba usikivu wake ulirudi. Mwaka 1897 alianzisha shule yake. Palmer alifundisha kwamba asilimia 95 ya maradhi yote hutokana na pingili zilizohama.

Fundisho hilo halikuthibitishwa. Malaria huletwa na vijidudu viingizwavyo na mbu, na kisukari hutokana na kasoro ya mwili katika kutumia sukari. Pingili haihusiki na lolote kati ya hayo. Kwa sababu hiyo madaktari na wana kiropraktiki wa Marekani waligombana kwa miaka mingi, na ilikuwa mwaka 1974 ndipo jimbo la mwisho, Louisiana, lilipokubali kuwapa leseni. Siku hizi wengi miongoni mwa watabibu hao wameliacha dai la kutibu maradhi yote na kubaki na maumivu ya mgongo, shingo na viungo. Katika Afrika, elimu hiyo hufundishwa katika vyuo vikuu vya Durban na Johannesburg, Afrika Kusini. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya mafunzo na usalama wa tiba hii.

Je, yasaidia? Kwa maumivu ya kiuno, jibu ni kwamba yasaidia kiasi. Nchini Uingereza ulifanyika uchunguzi wa wagonjwa 1,334, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2004. Waliosukumwa mgongo kwa mikono, kisha wakafanya mazoezi, walikuwa na nafuu ya wastani baada ya miezi mitatu kuliko waliopata matibabu ya kawaida ya daktari. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilikuwa ndogo. Katika mwongozo wake wa Desemba 2023 juu ya maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, Shirika la Afya Duniani liliiweka tiba ya kusukuma pingili pamoja na ukandaji, mazoezi na elimu miongoni mwa njia ziwezazo kutumiwa. Basi haistahili kudharauliwa, wala haistahili kuitwa muujiza.

Yafaa pia ieleweke ule mlio unaosikika ni wa nini. Wengi hudhani ni mfupa unaorudi mahali pake. Mwaka 2015 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walipiga picha za vidole vikivutwa mpaka vikalia. Waliona nafasi ya hewa ikifanyika ghafla ndani ya ute wa kiungo. Mlio huo basi si dalili ya kupona, wala ukimya si dalili ya kushindwa.

Hatari zake nazo zitajwe. Wagonjwa wengi huhisi maumivu madogo kwa siku moja au mbili baada ya kusukumwa, kisha hutoweka. Hatari kubwa ni chache, lakini zipo. Kuizungusha shingo kwa ghafla kumewahi kuhusishwa na kuchanika kwa mshipa wa damu uendao kwenye ubongo, na mgonjwa kupatwa na kiharusi. Kwa hiyo mwanachama asikubali shingo yake ikunjwe upande kwa kishindo na mtu asiye na mafunzo, awe mkandaji wa mtaani au kinyozi anayetaka kumfurahisha mteja. Vile vile msukumo wa nguvu haufai kwa mwenye mifupa iliyopungua uimara kwa uzee, mwenye saratani ya mifupa, mwenye kifua kikuu cha mgongo, mwenye mvunjiko, wala kwa anayetumia dawa za kuzuia damu isigande.

Watabibu wa kiropraktiki ni wachache katika Afrika Mashariki. Mwanachama anayemwendea mtu ajiitaye hivyo na aulize mambo manne kabla ya kulipa: Alisomea wapi? Ana leseni gani? Atanipima nini kabla ya kunigusa? Nitahitaji kuja mara ngapi, na nisipopata nafuu baada ya mara chache tutafanyaje? Anayedai kutibu pumu, presha na utasa kwa kusukuma pingili, au anayetaka mgonjwa alipie safari nyingi kwa pamoja kabla ya kuanza, na aachwe.

Wakandaji na wachuaji wa vijijini nao wana nafasi yao. Kukanda kwa mkono mwororo na mafuta au kitambaa cha moto huleta faraja, na faraja humwezesha mgonjwa kutembea. Lakini mvunjiko, uvimbe wa moto na dalili zote za Sehemu ya 4 si kazi yao, na mkandaji mwaminifu ndiye wa kwanza kumpeleka mgonjwa hospitali.

6. TIBA YA VIUNGO NA UTENGAMAO

Utengamao ni jumla ya huduma zinazomrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake. Kiini chake ni swali moja: mtu huyu ataka kufanya nini ambacho sasa hawezi? Mmoja ataka kuinama akapalilie. Mwingine ataka kupanda baiskeli au kuchota maji. Mtaalamu wa tiba ya viungo humpima mwendo na nguvu, humpa mazoezi yanayolingana na hali yake, na humfundisha kuyaongeza. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo hutazama kazi yenyewe na zana zake, na hutafuta namna ya kuzibadili zimfae mgonjwa.

Huduma hizi hupatikana zaidi katika hospitali za mikoa na za rufani. Mjini Moshi, Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, imekuwa ikifundisha wataalamu wa tiba ya viungo. Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa mwaka 1996. Nchini Kenya, wataalamu hao hufundishwa katika chuo cha utabibu cha serikali, KMTC. Mwanachama amwombe mganga wa zahanati barua ya rufani, na amweleze waziwazi kazi aifanyayo kila siku.

Tiba hii hutofautiana na nyingine kwa jambo moja: mtendaji mkuu ni mgonjwa mwenyewe. Mazoezi yaliyofundishwa mara moja hospitalini na kufanywa nyumbani kila siku hushinda safari kumi za kukandwa bila mazoezi.

7. MAZOEZI MATANO YA NYUMBANI

Mazoezi haya yawafaa walio wengi wasio na dalili za hatari. Maumivu kidogo wakati wa kuyafanya si hatari. Lakini zoezi likishusha maumivu mguuni au kuleta ganzi, liachwe na mtaalamu aulizwe.

(a) Kutembea. Aanze kwa muda anaouweza, hata dakika 10, aongeze mpaka afikie dakika 30, siku tano kwa juma. Uchunguzi wa Australia uliochapishwa mwaka 2024, wenye watu 701 waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno, ulionyesha faida yake. Waliopewa mpango wa kutembea pamoja na elimu walikaa siku 208 hivi kabla ya maumivu kurudi, na wasiopewa walikaa siku 112.
(b) Kulala chali juu ya mkeka, kukunja magoti na kuyavuta kifuani kwa mikono, kuhesabu hadi kumi, kisha kuyaachia. Mara 5 hadi 10.
(c) Kulala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Kuinua makalio mpaka mapaja na kifua vinyooke kama daraja, kuhesabu hadi tano, kushuka polepole. Mara 10.
(d) Kupiga magoti na kuweka viganja chini, kama mtu apigaye deki. Kunyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma bila kuyumba, kuhesabu hadi tano, kisha kubadili. Mara 8 kila upande.
(e) Kulala kifudifudi, kuegemea viwiko na kuinua kifua taratibu huku nyonga zikibaki chini. Mara 5 hadi 10. Zoezi hili lawafaa hasa waliokuwa wameinama shambani tangu asubuhi.

Kwa goti la mtu mzima lililoanza kukwaruza, mashauri ni yale yale: misuli ya paja iimarishwe, kwa mfano kwa kuketi na kusimama kutoka kitini mara 10 bila kushika, na uzito wa mwili upunguzwe kwa aliyenenepa. Wachunguzi wa Marekani walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo moja ya mwili inayopungua huliondolea goti mzigo wa kilo nne katika kila hatua. Bega linalokataa kuinuka lisifungwe kwa kitambaa siku nyingi, bali liendeshwe taratibu kila siku mpaka lifunguke.

8. DAWA NA MIKANDA

Dawa za kutuliza uvimbe, kama ibuprofeni na diklofenaki, husaidia kwa muda mfupi. Lakini zikitumiwa kwa majuma mengi bila ushauri hutoboa tumbo, huumiza figo na hupandisha shinikizo la damu, hasa kwa wazee. Kuchomwa sindano ya diklofenaki dukani kila maumivu yarudipo si tiba. Dawa za jamii ya afyuni hazishauriwi kwa maumivu sugu ya kiuno, na mwongozo wa mwaka 2023 uliotajwa juu ulishauri vile vile dhidi ya kuvaa mikanda ya kiuno na dhidi ya kuvutwa mgongo kwa uzito kama desturi ya tiba. Dawa ya unga isiyo na jina wala maandishi, hata ikisifiwa vipi mnadani, isinunuliwe.

9. WAJIBU WA CHAMA

Mkutano wa kujifunza usipobadili mambo katika ghala ni kazi bure. Sehemu hii yahusu Kamati na Katibu moja kwa moja.

Mkataba Na. 127 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1967, wasema kwamba mfanyakazi asitakiwe wala asiruhusiwe kubeba kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake waweza kuhatarisha afya au usalama wake. Pendekezo Na. 128 la mwaka huo huo lashauri kwamba pale mwanamume mmoja anapobebeshwa zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kuupunguza mzigo hadi kiwango hicho, na kwamba mzigo wa mwanamke uwe mdogo zaidi kwa kiasi kikubwa. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani walikwenda mbali zaidi: katika hesabu yao ya mwaka 1991 waliweka kilo 23 kuwa kikomo cha kuinua hata pale hali zote zinapokuwa nzuri.

Sasa na litazamwe ghala la chama. Gunia la kahawa safi ya kuuzwa nje lina kilo 60. Tayari limezidi kilo 55. Magunia ya mahindi na viazi yaliyoshindiliwa kwa lumbesa huzidi sana, na hapo mkulima hupunjwa mara mbili: mnunuzi humpunja bei, na mgongo wake hulipa tofauti. Kenya, kwa kanuni za viazi za mwaka 2019, iliweka kilo 50 kuwa kikomo cha mfuko mmoja. Chama kinachokataa lumbesa hulinda mapato ya wanachama na afya ya wachukuzi kwa uamuzi mmoja.

Hatua zifuatazo hazihitaji fedha nyingi:

(a) Gunia la zaidi ya kilo 50 libebwe na watu wawili, au lisukumwe kwa toroli.
(b) Magunia yapangwe juu ya chaga zilizoinuliwa kufikia usawa wa paja, ili mchukuzi asiinue kutoka sakafuni.
(c) Mizani iwekwe karibu na mlango na karibu na mahali lori linaposimama, na ubao wa kupandia lorini uwe mpana, usioteleza.
(d) Wachukuzi wapokezane, na wapewe maji na mapumziko. Malipo ya kila gunia yasipangwe kwa namna inayowalazimisha kukimbia.
(e) Mipini ya majembe irefushwe kwa wanaoumwa kiuno, na palizi ibadilishane na kazi ya kusimama.
(f) Mchukuzi aliyeumia arudishwe kazini kwa kazi nyepesi kwanza, kama kushona magunia au kuandika stakabadhi, badala ya kufukuzwa au kurudishwa mara moja kwenye mzigo ule ule.

Katibu na afungue daftari dogo la ajali na maumivu: tarehe, kazi iliyokuwa ikifanywa, uzito wa mzigo, na siku zilizopotea. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litaonyesha ni kona gani ya ghala inayoumiza watu. Kamati ikitaka kununua toroli, mkutano mkuu utaweza kulinganisha bei yake na siku zilizopotea, na uamuzi utafanywa kwa hesabu badala ya kelele.

10. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni wanachama wangapi katika kikundi waliopoteza siku za kazi kwa maumivu ya mgongo au viungo msimu uliopita? Walitibiwa wapi, na kwa gharama gani?
2. Mwanachama ameumwa mgongo kwa miezi minne, amekonda, na hutoka jasho usiku. Jirani amshauri aende kunyooshwa. Kikundi kitamshauri nini, na kwa nini?
3. Kwa nini mtu aliyepona juma la nne hawezi kuwa na hakika kwamba amepona kwa tiba aliyoipata juma la tatu?
4. Debe la kilo 18 limeshikwa sentimita 40 mbele ya uti wa mgongo, na misuli huvuta kutoka sentimita 5. Misuli huvuta kwa nguvu ya kilo ngapi? Debe likisogezwa hadi sentimita 20, je?
5. Magunia katika ghala la chama yana uzito gani hasa? Wanakikundi waende wakayapime, kisha waandike matokeo.
6. Kati ya hatua sita za Sehemu ya 9, ni ipi inayoweza kuanza kabla ya msimu ujao wa kununua mazao, na nani atawajibika nayo?

Majibu ya swali la tano na la sita yaandikwe katika daftari la kikundi, yatiwe sahihi na mwenyekiti wa kikundi, na yafikishwe kwa Katibu ili yaingizwe katika ajenda ya kikao cha Kamati kinachofuata. Jibu la swali la nne: kilo 144, kisha kilo 72.